Wageni wa Sinagogi la Ben Ezra: Historia ya Ziara Moja Ndefu katika Misri ya Kale

Sinagogi la Ben Ezra limesimama ndani ya mabaki ya ngome ya Kirumi iitwayo Babeli, katika ule upande wa kusini wa Kairo ambao wenyeji huuita Misr al-Qadima, yaani Misri ya Kale, mwendo mfupi kutoka Kanisa Linaloning'inia na Kanisa la Mtakatifu Sergio, ambalo Wakristo wa Kikopti huamini kuwa lilijengwa mahali ilipojihifadhi Familia Takatifu ilipokimbilia Misri. Sinagogi ni nyumba ya ibada ya Wayahudi, lakini pia ni mahali pa kusomea, pa kukutania, pa kuamulia mashauri na, kwa karne nyingi, pa kumpokelea mgeni. Na ni kazi hiyo ya mwisho, isiyotajwa sana katika vitabu vya kuwaongoza watalii, inayoifanya historia ya jengo hili iwe pia historia ya desturi yenyewe ya kuzuru masinagogi katika nchi za kigeni. Desturi hiyo leo huhesabiwa kuwa tawi la utalii. Asili yake ilikuwa shida ya msafiri.

Sheria ya dini ya Kiyahudi humfunga msafiri kwa namna ambazo hazimruhusu kukaa ugenini peke yake kwa muda mrefu. Sala za jamaa, pamoja na kusomwa hadharani kwa Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, na ile sala ambayo aliyefiwa huisema kwa ajili ya marehemu wake, zinahitaji minyani, ambayo ni idadi ya watu kumi waliobaleghe, na kwa desturi ya zamani hao walikuwa wanaume tu. Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi usiku nyota zinapoonekana, humkataza mtu kusafiri, kuwasha moto na kubeba mizigo njiani. Na nyama haiwi halali kwake mpaka ichinjwe na mchinjaji anayeaminika. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyetoka Palermo au Qayrawan akielekea Misri hakuuliza kwanza habari za nyumba ya wageni, bali aliuliza walipo watu wa dini yake, akapanga mwendo wake ili Ijumaa alasiri imkute akiwa kati yao. Akiisha kufika, sinagogi lilikuwa posta yake, baraza lake na dhamana yake: barua alizobeba zilikabidhiwa hapo, sifa yake ilipimwa hapo kwa hati ya utambulisho aliyopewa na wakuu wa kwao, na kama alikuwa amedhulumiwa, desturi ilimruhusu kusimama na kuizuia sala isiendelee mpaka waumini wamsikilize.

Fustat, mji ambamo sinagogi hili lilijengwa, ulianzishwa na jeshi la Amr ibn al-As baada ya Waislamu kuiteka Misri katika miaka ya 640, karne tatu na zaidi kabla ya Wafatimia kuijenga Kairo yenyewe upande wa kaskazini mwaka 969. Wayahudi wa Fustat walioyafuata mapokeo ya marabi, yaani wanazuoni wa dini, waligawanyika katika jumuiya mbili, moja ikiwa ya Washami, walioitii mamlaka ya dini ya Palestina, na nyingine ya Wairaki, walioitii mamlaka ya Baghdad. Kando yao waliishi Wakaraiti, Wayahudi wanaoyashika Maandiko na kuyakataa mapokeo ya marabi. Ben Ezra ndilo lililokuwa sinagogi la Washami. Lilibomolewa pamoja na makanisa na masinagogi mengine kwa amri ya khalifa al-Hakim mnamo mwaka 1012, na baada ya kufa kwake likajengwa upya kati ya miaka ya 1025 na 1040 hivi. Zipo simulizi zinazodai kwamba jengo lilikuwa kanisa lililouzwa kwa Wayahudi katika karne ya 9, wakati Patriaki wa Kikopti alipobanwa na kodi ya mtawala Ibn Tulun, lakini wanahistoria wengi wanashuku kwamba mauzo hayo, kama yalikuwapo, yalihusu jengo jingine.

Mgeni wa kwanza mashuhuri aliyeacha maelezo ya ziara yake ni Benjamin wa Tudela, Myahudi wa Hispania aliyezunguka nchi za Bahari ya Kati na Mashariki katika miaka ya 1160 na mwanzoni mwa miaka ya 1170. Aliyaona masinagogi yote mawili ya marabi na kuandika jambo ambalo mgeni mwenye kuingia kusali angeligundua mara moja: Wairaki waliisoma Torati yote kwa mwaka mmoja, ilhali Washami waliigawa kila sehemu katika visomo vitatu na kuimaliza kwa miaka mitatu, ila katika sikukuu ya Furaha ya Torati na katika Pentekoste ya Kiyahudi jumuiya zote mbili zilikutana na kusali pamoja. Taarifa yake ni kavu, kama ya mtu anayewaandikia watakaoifuata njia ileile, na haina hata neno moja la kusifu marumaru wala nguzo. Haimtaji pia Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria ambaye Ulaya humjua kwa jina la Maimonides, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Fustat. Wasafiri wa zama zote hupishana na watu wakubwa bila kujua.

Yanayojulikana kuhusu wageni wa Ben Ezra yangeishia katika mistari michache ya namna hiyo kama si geniza. Geniza ni chumba au shimo ambamo Wayahudi huyaweka maandishi yaliyochakaa, kwa kuwa karatasi iliyoandikwa jina la Mungu haitupwi wala haichomwi, bali huhifadhiwa mpaka itakapozikwa. Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyefundishwa tangu chuoni kutoitupa juzuu iliyoraruka mahali pa kukanyagwa, hahitaji kuelezwa sana heshima hiyo. Katika sinagogi hili geniza ilikuwa chumba kisicho na dirisha, mwishoni mwa roshani ya wanawake, chenye tundu juu ukutani lililofikiwa kwa ngazi, na makaratasi yalitumbukizwa humo kwa muda wa miaka elfu moja hivi pasipo mengi yake kupelekwa makaburini kama desturi ilivyotaka. Watu wa Fustat walifanya zaidi ya ilivyoamriwa: walitia chumbani karibu kila kitu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, zikiwamo barua za biashara, hesabu za maduka, hati za ndoa na talaka, mazoezi ya watoto wanaojifunza kusoma, na orodha za maskini. Nyingi za nyaraka hizi za maisha ya kila siku ni za Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, mtindo ambao hauwezi kumshangaza msomaji wa Kiswahili, lugha iliyoandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu.

Mgeni anaonekana katika makaratasi hayo kwa namna ambayo hakuna kitabu cha safari kingeweza kumwonyesha, kwa sababu hapa hasimulii yeye, bali waliompokea. Jumuiya iligawa mikate kwa wasiojiweza mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na makarani wake waliweka orodha za wanaostahili. Humo mgeni mara nyingi hatajwi kwa jina lake bali kwa mahali alikotoka au kwa hali aliyokuwa nayo, kama vile kipofu, mjane, au mtu aliyekuja kutoka Rum, jina lililotumiwa kwa milki ya Bizanti na nchi za Wakristo kwa jumla. Wengine hawakufika kwa hiari. Maharamia waliowakamata abiria wa Kiyahudi baharini waliwaleta Iskandaria kuwauza, na jumuiya za Misri zilichangishana kuwakomboa kwa bei iliyokuwa imezoeleka, dinari 100 kwa watu watatu, wakati ambapo jamaa ya kipato cha wastani iliweza kuishi kwa dinari 2 hivi kwa mwezi. Mateka akiisha kukombolewa alihitaji nguo, chakula, nauli ya kurudia kwao na pia fedha za kodi ya kichwa, na gharama hizo zote ziliangukia sinagogi. Wanaofikiri kwamba ukarimu wa zamani ulikuwa jambo la moyo tu wangefaidika kuzitazama hesabu hizo, zilivyojaa michango iliyocheleweshwa na ahadi zisizotimizwa.

Miongoni mwa waliopokewa Fustat katika karne ya 12 alikuwa Obadia, aliyezaliwa kwa jina la Johannes katika mji wa Oppido kusini mwa Italia, katika ukoo wa Wanormani, na aliyeingia dini ya Kiyahudi mwaka 1102. Alisafiri kupitia Shamu na Baghdad kabla ya kufika Misri, na kurasa zake alizoziacha, ambazo leo zimetawanyika katika maktaba mbalimbali, zina tungo za Kiebrania alizozitilia alama za muziki za watawa wa Ulaya. Ndiyo maandishi ya kale zaidi yanayojulikana ya muziki wenye maneno ya Kiebrania.

Wengine walikuwa wageni wa njiani tu, wakishuka Bahari ya Shamu kuelekea Aden na India kwa pepo zilezile za kusi na kaskazi zilizoyaendesha majahazi ya Kilwa na Mogadishu. Ibrahim bin Yiju, mfanyabiashara wa asili ya Mahdia katika Tunisia ya leo, alikaa Mangalore katika pwani ya Malabar tangu miaka ya 1130 hadi 1149. Huko aliendesha karakana ya shaba, ambayo ilipokea vyombo vilivyovunjika kutoka Aden na kuvirudisha vikiwa vipya, na mwaka 1132 aliandika hati ya kumwacha huru mtumwa wa kike, Mhindi aitwaye Ashu, ambaye wanahistoria wengi wanaamini kuwa ndiye aliyekuwa mkewe. Barua walizomwandikia marafiki zake wa Aden zinafuata taratibu zilezile: kwanza salamu na dua, kisha hesabu ya pilipili, popoo na chuma, kisha malalamiko juu ya shehena iliyochelewa au kuzama, na mwishoni orodha ya zawadi ndogondogo wanazompelekea, kama sukari, zabibu na, karibu kila mara, karatasi, bidhaa ambayo Malabar haikuwa nayo. Mtumwa wake Bomma, aliyemtuma Aden kama wakala, analetewa salamu kwa jina. Ibrahim aliporudi hatimaye Misri alirudi na makaratasi yake, na ndiyo sababu mambo ya Mangalore yalikutwa katika chumba cha Fustat.

Daudi, mdogo wake Musa bin Maimun, hakubahatika hivyo. Barua aliyomwandikia kaka yake kutoka bandari ya Aydhab, katika pwani ya Bahari ya Shamu, baada ya kulivuka jangwa kutoka Qus, inaeleza kwamba hakupata Aydhab bidhaa ya maana na kwamba ameamua kuendelea kwa bahari hadi India. Alizama baharini pamoja na mali yake na mali ya watu wengine, na kaka yake aliugua kwa huzuni karibu mwaka mzima.

Baada ya karne ya 13 Fustat uliporomoka, Wayahudi wengi wakahamia Kairo, na sinagogi likabaki na watu wachache kando ya magofu. Hapo ndipo ziara zilipoanza kubadilika sura. Mahali pasipokuwa tena na soko wala baraza palihitaji sababu nyingine ya kuzuriwa, na sababu hiyo ilipatikana katika visa vitakatifu: kwamba Musa alisali hapo, kwamba Nabii Eliya aliwatokea wacha Mungu katika pembe moja ya jengo, na kwamba humo liliwekwa gombo la Torati lililoandikwa kwa mkono wa Ezra mwenyewe, yule mwandishi wa zama za Biblia. Wayahudi wa Kairo walikuja kwa makundi katika siku maalumu za mwaka, kama watu waendavyo kuzuru, na wageni wa mbali wakaoneshwa pembe hizo moja baada ya nyingine.

Mmoja wa wageni hao, Obadia wa Bertinoro, rabi wa Italia aliyepitia Misri mwaka 1488 akielekea Yerusalemu, alimsimulia baba yake kwa barua kisa alichoelezwa juu ya gombo la Ezra, kwamba miaka mingi kabla yake Myahudi kutoka nchi za Magharibi alilinunua kwa siri kwa vipande 100 vya dhahabu kutoka kwa mtumishi wa sinagogi, akaondoka nalo Iskandaria, na merikebu yake ikazama pamoja na gombo, huku mtumishi aliyeliuza naye akifa muda si mrefu baadaye. Kisa hiki kina maana kubwa kuliko ukweli wake, kwani kinaonyesha kwamba tayari katika karne ya 15 watu wa Ben Ezra walimjua mgeni wa aina mpya, asiyehitaji mkate wala minyani, aliyekuja kwa sababu ya kitu na kuondoka nacho. Na walijua pia kwamba mgeni huyo hawezi kufanikiwa bila mtu wa ndani.

Kwa muda mrefu hofu ilikuwa mlinzi bora kuliko kufuli. Simon van Geldern, mzururaji wa Ujerumani ambaye mshairi Heine alikuwa wa ukoo wake, aliitaja geniza katika kumbukumbu zake za miaka ya 1750 bila kuifanyia kazi yoyote. Yakobo Saphir wa Yerusalemu, aliyetumwa kukusanya sadaka za kujengea sinagogi la Hurva mjini humo, alifika katika miaka ya 1860 na kuambiwa kwamba nyoka mkubwa amejizungusha mlangoni mwa chumba na kwamba atakayechukua karatasi atapatwa na msiba ndani ya mwaka. Wajumbe kama Saphir walikuwa wasafiri wakuu wa ulimwengu wa Kiyahudi kabla ya reli na meli za mvuke. Jumuiya za Nchi Takatifu ziliwatuma hadi Yemeni, India na Ulaya, nao waliyajua masinagogi ya dunia kuliko mtalii yeyote wa leo. Saphir aliingia, akachimbua kwa siku mbili katika vumbi na vifusi, akachukua kurasa chache, akatoka akiwa hakuona kitu cha thamani, ingawa katika kitabu chake alikiri kwamba huenda chini yake mna mengi. Abraham Firkovich, Mkaraiti wa Krimea aliyekuwa Kairo katika miaka hiyohiyo, alikuwa mkusanyaji wa namna nyingine kabisa: alijua anachokitafuta, hasa katika geniza ya watu wa madhehebu yake, na miswada aliyoondoka nayo imo hadi leo katika maktaba ya taifa ya St. Petersburg.

Walioifungua geniza hatimaye ni mafundi wa ujenzi. Jengo la zama za kati lilikuwa limechakaa mno hata likabomolewa na kujengwa tena kati ya mwaka 1889 na 1892 kwa kufuata ramani ya lile la awali. Wakati wa kazi hiyo makaratasi yalitolewa na kukaa uani, mengine yakafukiwa, mengine yakaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, na yaliyobaki yakarudishwa katika chumba kipya. Misri ilikuwa chini ya ukaliaji wa Uingereza tangu mwaka 1882, hoteli za Kairo zilijaa Wazungu waliokuja kukimbia baridi, na ununuzi wa vitu vya kale ulikuwa sehemu ya matembezi yao. Elkan Nathan Adler, mwanasheria wa London na mwana wa Rabi Mkuu wa Uingereza, aliondoka mwezi wa Januari 1896 na mfuko uliojaa kurasa. Miezi michache baadaye ndugu wawili mapacha wa Uskoti, Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson, wanawake wajane wenye elimu kubwa ya lugha za Mashariki, walirudi Cambridge na kurasa walizozinunua katika safari yao ya Palestina na Misri, na mwezi wa Mei Agnes akamwonyesha baadhi yake Solomon Schechter, mwalimu wa elimu ya marabi katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Schechter, mzaliwa wa Rumania, alitambua katika ukurasa mmoja maneno ya Kiebrania ya kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho kwa karibu miaka elfu kilijulikana hasa kwa tafsiri za Kigiriki na Kisiria. Mashindano na wasomi wa Oxford yalikuwa makali, hivyo safari yake ya Desemba 1896 ilifanywa kimyakimya, kwa gharama za Charles Taylor, mkuu wa chuo cha St John's, akiwa na barua ya utambulisho kwa Rabi Mkuu wa Kairo, Aharon Refael Ben Shimon. Rabi alimchukua kwa gari hadi Ben Ezra, akamwonyesha tundu na kumruhusu achukue apendacho. Schechter, ambaye baadaye aliandika kwamba alipenda vyote, alikaa wiki kadhaa ndani ya chumba kile, mavumbi ya karne nyingi yakimwingia kooni na machoni hata akaugua, akitenganisha yaliyoandikwa kwa mkono na yaliyochapwa, kwa sababu hakuyataka ya pili, huku watumishi wa sinagogi, ambao kwao kazi hii yote ilikuwa neema, wakidai bakshishi kwa kila msaada na hata kwa salamu. Mwaka 1898 hazina hiyo, yenye vipande vipatavyo 193,000, ilikabidhiwa kwa maktaba ya Cambridge kwa jina la Taylor na Schechter. Vipande vilivyobaki, vilivyopitia kwa wauzaji na wakusanyaji wengine, vilienda Oxford, London, Paris, Budapest, na New York, ambako mkusanyo wa Adler ulinunuliwa mwaka 1923.

Je, huu ulikuwa uokozi au uporaji? Wanaoutetea husema kwamba makaratasi yalikuwa tayari yanauzwa rejareja, kwamba ruhusa ilitolewa na mwenye mamlaka ya dini, na kwamba nidhamu ya maktaba ya Cambridge iliyanusuru. Yote matatu ni kweli. Ni kweli pia kwamba ruhusa iliyotolewa na kiongozi wa jumuiya ndogo kwa mgeni aliyetoka katika taifa linaloitawala nchi haiwezi kupimwa kama mkataba kati ya watu walio sawa, na kwamba hakuna mtu wa Misri nje ya jumuiya hiyo aliyeulizwa kama historia ya biashara ya mji wake iondoke kwa masanduku. Mwandishi wa India Amitav Ghosh, aliyemfuatilia Bomma, mtumwa wa Ibrahim bin Yiju, katika kitabu kilichotoka mwaka 1992, aliitazama safari ya Schechter kwa jicho hilo la mashaka, na ni vigumu kumsoma bila kukubaliana naye walau nusu. Lakini nusu nyingine ni ya Shelomo Dov Goitein, ambaye kuanzia katikati ya karne ya 20 aliziacha kando karatasi za dini zilizowavutia wenzake na kuzisoma zile za bei ya kitani, mahari na mikate ya maskini, akaandika juu ya jamii ya Bahari ya Kati kitabu cha juzuu tano ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967. Pasipo maktaba hizo za mbali, wageni wa Fustat wasingejulikana.

Jengo lenyewe lilipungukiwa na vitu vingine pia. Ubao wa mlango wa kabati takatifu, yaani sanduku la ukutani linamowekwa magombo ya Torati, ulionunuliwa mwaka 2000 kwa pamoja na Makumbusho ya Walters ya Baltimore na Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Yeshiva ya New York, ulikuwa umeonekana Florida miongoni mwa vitu vya kuuzwa. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba mti wake ni wa karne ya 11.

Wayahudi wa Misri, waliokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 80,000 mwishoni mwa miaka ya 1940, waliondoka kwa mawimbi baada ya vita vya 1948, 1956 na 1967, wengine wakifukuzwa, wengine wakinyang'anywa mali, wengi wakiona tu kwamba hapakaliki tena, na waliobaki leo wanahesabika kwa vidole. Ben Ezra lilikarabatiwa kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya usimamizi wa mbunifu majengo wa Kanada, Phyllis Lambert, na tena na Serikali ya Misri, iliyolifungua upya mwezi wa Agosti 2023. Anayelizuru sasa huingia katika jengo la mwaka 1892 lenye nguzo katika safu mbili, jukwaa la marumaru katikati kwa ajili ya msomaji wa Torati, kabati takatifu lililonakshiwa kwa chaza, na roshani ya wanawake juu. Anapitia mlango wenye askari, pamoja na makundi ya Wamisri na wageni wanaotoka kwenye makanisa ya jirani, na hakuna anayesali. Waongozaji humwonyesha pembe za Musa na za Eliya kwa mpangilio unaofanana na ule aliooneshwa rabi wa Bertinoro. Tundu la geniza huoneshwa pia, ingawa chumba kilicho nyuma yake si kile kilichokusanya makaratasi ya Ibrahim bin Yiju, kwa kuwa kile kilibomolewa pamoja na jengo la kale.

Katika Iskandaria mambo yalikwenda vingine, walau kwa siku chache. Sinagogi la Eliyahu Hanavi, jengo kubwa la karne ya 19 katika Mtaa wa Nabi Daniel, ambalo paa lake lilikuwa limeporomoka kwa sehemu, lilifunguliwa Januari 2020 baada ya kukarabatiwa na serikali, na mwezi uliofuata watu wapatao 180, wengi wao wakiwa Wayahudi wa asili ya Misri na watoto wao, walikuja kutoka Ulaya, Marekani na Israeli wakasali hapo Sabato nzima. Wenyeji wa Iskandaria peke yao wasingetimiza minyani.

Wageni wa namna hii hawaji kwa ajili ya kumbukumbu tu. Madaftari ya jumuiya za Kairo na Iskandaria, yenye kumbukumbu za ndoa, vizazi, talaka na vifo vya miongo mingi, hayakuondoka na wenyewe. Yako chini ya mamlaka ya Serikali ya Misri, na vyama vya Wayahudi wa Misri walioko Ulaya vimekuwa vikiomba kwa miaka mingi viruhusiwe kupata nakala. Ombi hilo lina sababu ya kisheria, kwa kuwa rabi wa Paris au London kwa kawaida hafungishi ndoa pasipo uthibitisho kwamba mhusika amezaliwa na mama Myahudi, na kwa familia nyingi zilizoondoka na sanduku moja la nguo, uthibitisho pekee ni mstari mmoja wa mwandiko wa karani katika daftari lililobaki Misri.